Kutazama ndege uani wakati wa kusi

Mwezi wa Julai hapa Malindi, kusi likivuma na manyunyu ya asubuhi, usikimbilie kujifunika shuka tena. (Najua, wageni wa Ulaya hutucheka tukiita nyuzi 22 baridi.) Keti ndani, hatua mbili tatu nyuma ya dirisha ili usionekane, na kikombe chako cha chai ya tangawizi.

Jua likichomoza baada ya manyunyu, angalia kwanza vilele vya miti upande wa mashariki. Kuzumburu, wale wa kijivujivu wenye kishungi na mkia mrefu, hujibana pamoja tawini, kisha hulielekezea jua matumbo na kutulia hivyo mpaka wapate joto. Ndio wakati wa kuwatazama vizuri, maana wakishachangamka hawakai mahali pamoja.

Papai lililotobolewa na ndege usilichume. Liache mtini, shore, ndege wapenda matunda, watalirudia. Chozi, wale ndege wadogo wanyonya nekta, wafuate kwenye ua la mgomba. Dume anametameta hata siku ya mawingu.

Maji pia huwavuta: sinia pana, kina cha vidole viwili, na jiwe katikati la kutua. Yabadilishe kila siku, la sivyo utafuga mbu. Makombo ya wali na samaki usiyatupe uani kabisa, kwani kunguru wakizoea hapo watakula hadi mayai ya ndege wadogo.

Ndege wahamiaji wa Ulaya usiwasubiri sasa. Hao waje na kaskazi.