SOMO: Kuchanganya sauti kwa ProTracker ya Amiga, chaneli nne tu

Wakuu, leo tunaingia ProTracker, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta ya zamani ya Commodore Amiga. Chimbuko lake ni Ultimate Soundtracker aliyoiandika Karsten Obarski wa Ujerumani mwaka 1987, mwaka ule ule Amiga 500 ilipoingia sokoni. ProTracker yenyewe ilitoka Norwei mwaka 1990, kazi ya vijana waliojiita Amiga Freelancers. Najua simu yako inaipita mbali mashine ile ya kilobaiti 512. Lakini hapa utajifunza jambo ambalo programu za kisasa zinakuacha ulikwepe: kuamua nani anyamaze.

Chipu ya sauti ya Amiga inaitwa Paula. Inapiga sauti nne kwa mpigo, basi. Chaneli ya 1 na ya 4 zinatokea spika ya kushoto, ya 2 na ya 3 zinatokea ya kulia, na hakuna kitufe cha kuzihamisha. Kila sauti ni rekodi fupi ya biti 8. Tutaiita sampuli.

Hatua ya 1: Ipate

Kama huna Amiga, pakua pt2-clone ya Olav Sørensen. Ni ya bure, inaenda kwenye Windows, macOS na Linux, na sura yake ni ya ProTracker kabisa. Wapo wanaotaka mashine nzima ndani ya mashine, hao watumie FS-UAE au WinUAE, programu zinazoiga Amiga nzima. Kwa kujifunza tu ni usumbufu wa bure.

Hatua ya 2: Andaa sampuli

Rekodi kwa simu: ndoo ikigongwa, kayamba, waya mmoja wa gitaa, chochote. Kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) kata kimya cha mwanzoni, maana hata kidogo tu kitafanya ngoma yako ichelewe. Hifadhi kama WAV ya mono, hezi 16,574. Namba hiyo sijaiokota barabarani: ndiyo kasi ambayo Amiga za Ulaya husomea sampuli unapopiga noti C-3, kwa hiyo C-3 itasikika kama ulivyorekodi.

Kabla ya kuhifadhi, kuza sauti mpaka vilele viguse juu. Biti 8 zina ngazi 256 tu, na sampuli iliyorekodiwa chini inatumia chache kati ya hizo, halafu mvumo unajaza pengo. Sauti ikizidi utaipunguza baadaye, na kazi hiyo ataifanya Paula mwenyewe bila kuiharibu sampuli.

Bonyeza DISK OP, nenda upande wa sampuli, chagua faili. Iko kwenye nafasi 01. Ongeza namba ya SAMPLE kwa mshale, upakie ya pili. Nafasi ziko 31. Besi au filimbi inayotakiwa kudumu iwekee lupu, yaani kipande kinachojirudia, kwa REPEAT (mwanzo wake) na REPLEN (urefu wake). Sehemu zote mbili za kuungania ziwe pale wimbi linapovuka mstari wa kati, la sivyo utasikia "tik tik tik" mpaka kesho.

Hatua ya 3: Andika pateni

Pateni ni ukurasa wa mistari 64, kuanzia 00 hadi 63, inayosomwa kutoka juu kwenda chini. Bonyeza spesi uingie hali ya kuandika. Kibodi inakuwa kinanda: Z ni C, S ni C#, X ni D, na kuendelea. Safu ya Q ni oktava ya juu yake. F1 na F2 zinabadilisha oktava.

Kwa kasi ya kuanzia (6, na tempo 125) mistari minne ni pigo moja, mistari 16 ni mita moja ya mapigo manne. Weka ngoma kubwa mstari wa 00 na 08, ndogo mstari wa 04 na 12, urudie kila mistari 16. Pateni nzima itachukua sekunde 7.68.

Hatua ya 4: Kuchanganya

Hapa ndipo penyewe. Kulia kwa kila noti kuna tarakimu tatu za amri, zikiandikwa kwa hesabu ya kumi na sita: baada ya 9 zinakuja A mpaka F, hivyo 10 ni kumi na sita, 40 ni sitini na nne. Ukubwa wa sauti ni C00 (kimya) hadi C40 (mwisho). C20 ni nusu.

Kosa la wageni ni kuipa ngoma kubwa chaneli yake, ndogo yake, kayamba yake. Chaneli tatu zimekwisha na wimbo haujaanza! Ngoma kubwa na ndogo hazigongwi pamoja, ziweke zote chaneli ya 1. Kayamba ipenyeze kwenye mistari iliyobaki wazi humo humo. Noti mpya ikifika inaikata iliyokuwepo, na mara nyingi mkato huo ndio unaoleta mdundo.

Mpangilio wangu: ngoma chaneli ya 1, besi ya 2, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya 3, sauti ya kuongoza ya 4. Ngoma na kiongozi wanakuwa kushoto, besi na kodi kulia.

Kodi kwenye chaneli moja? Njia ziko mbili. Ya kwanza, rekodi kodi nzima kama sampuli moja. Inajaa vizuri, ila meja na mina zitakula nafasi mbili. Ya pili ni amri ya 0: andika 047 kwenye noti, na mashine itaruka kati ya noti hiyo, ya nusutoni 4 juu na ya nusutoni 7 juu, kila baada ya sekunde 0.02. Hiyo ni meja. 037 ni mina. Mlio ule wa kutetemeka wa magemu ya zamani unatoka hapo. Mimi huutumia kwa uchache, ukidumu wimbo mzima unachosha.

Mwangwi haupo kwenye programu, unauandika kwa mkono. Nakili noti za chaneli ya 4, zipeleke chaneli ya 3 mistari mitatu chini, kila moja na C10. Kwa kuwa ziko spika tofauti, sauti inaita kushoto na kujibiwa kulia. Bila shaka kodi itabidi ipishe, kwa hiyo mwangwi uwekwe pale kodi inapopumzika.

Kumbuka pia: noti yenye namba ya sampuli inarudisha sauti kwenye kiwango chake cha kawaida. Ukitaka ibaki ulipoishusha, andika noti bila namba.

Hatua ya 5: Panga na uhifadhi

Ongeza LENGTH (urefu wa wimbo), kila nafasi ya wimbo ipe namba ya pateni. Mwisho ni nafasi 128. Hifadhi kama MOD: noti na sampuli zinakaa faili moja. Kila pateni ni baiti 1,024 tu, uzito wote ni sampuli.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimejaribu kuingiza wimbo mzima wa mp3 umegoma. Nikageuza WAV, umekatwa.

Jibu: Mp3 haitambui. Na sampuli moja mwisho wake ni kama kilobaiti 64. Kwa hezi 16,574 hizo ni sekunde 4 hivi. Chukua kipande, si wimbo.

Swali: Nimeandika F25 ili uende haraka, sasa unatambaa kama kinyonga. Nimekosea wapi?

Jibu: F01 hadi F1F ni kasi, yaani idadi ya tiki (vipigo vidogo vya ndani ya programu) kwa mstari. Kuanzia F20 kwenda juu ni tempo. F25 umeagiza tempo 37! Kurudi ilipokuwa andika F7D. Kuharakisha, jaribu F05 au F04.

Swali: Nikivaa hedifoni kichwa kinauma, ngoma sikio moja tu.

Jibu: Ndivyo Paula alivyo, dada. Kwenye pt2-clone fungua protracker.ini, tafuta STEREOSEPARATION. 100 ni kutengana kabisa, 0 ni mono. Jaribu 20.

Swali: Sina kompyuta, natumia simu tu.

Jibu: Ijaribu SunVox. Si ProTracker, lakini inasoma faili za MOD na mtindo wa mistari ni huo huo. Chaneli nne jiwekee mwenyewe kama sheria.

Swali: Mwalimu, mistari 64 inagawanyika kwa nne. Sisi wa Mombasa tukitaka chakacha tunafanyaje?

Jibu: Swali zuri sana. Chakacha inahesabiwa sita kwa nane, kwa hiyo mita moja ipe mistari 12, miwili kwa kila hesabu. Mita nne ni mistari 48. Kwenye mstari wa 47, chaneli yoyote, andika D00: pateni inakatika hapo na kuingia inayofuata. Mistari 16 ya chini iache tupu, haitapigwa.