Namna ya Kufanya Mafunzo kwa Vitendo katika Ofisi ya Ushauri wa Kodi za Makampuni

Likizo ndefu ya vyuo vikuu vya Tanzania huangukia kipindi chenye kazi za pekee katika ofisi za ushauri wa kodi. Kampuni nyingi hufunga mwaka wa hesabu tarehe 31 Desemba, na ritani zao za mwisho, yaani taarifa za mapato na kodi ya mwaka, hutakiwa kufika TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ndani ya miezi 6, yaani kufikia tarehe 30 Juni. Siku inayofuata, tarehe 1 Julai, Sheria mpya ya Fedha, ile inayobadilisha sheria za kodi kila mwaka, huanza kutumika, na mwishoni mwa Septemba hudaiwa kodi ya awamu ya tatu kati ya nne za mwaka. Kwa hiyo mwanafunzi anayeripoti fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mwezi Julai huwakuta watu waliotoka kwenye wiki za kukesha, ambao sasa wanapanga majalada, wanajibu barua za ukaguzi na kuwaeleza wateja yaliyobadilika kwenye sheria. Ukiifahamu kalenda hii kabla ya kuripoti, hutashangaa kupewa makabati ya majalada badala ya ritani za kuandaa.

Maandalizi hayahitaji kumaliza sheria yote. Pata Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, katika toleo lenye marekebisho ya karibuni, kwa kuwa Bunge huirekebisha karibu kila mwaka na nakala iliyozagaa kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa mara nyingi imepitwa na wakati. Soma kifungu cha 11 kinachohusu gharama zinazokubalika, Jedwali la Tatu linalohusu uchakavu wa mali, na vifungu vya kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka TRA. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 uisome baadaye, utakapokutana na pingamizi la kwanza la mteja dhidi ya kodi aliyotozwa.

Kazi itakayokufungua macho ni kubadili faida ya kihasibu kuwa mapato yanayotozwa kodi. Tuchukue kampuni ya kubuni yenye faida ya shilingi 400,000,000 kabla ya kodi. Unarudisha, yaani unajumlisha tena kwenye faida, uchakavu wa kihasibu wa 90,000,000, kwa sababu sheria ina viwango vyake. Unarudisha faini ya 5,000,000, kwa sababu adhabu ya kuvunja sheria haipunguzi kodi. Na unarudisha 15,000,000 zilizotengwa kwa ajili ya madeni yenye shaka, kwa sababu deni hilo bado halijathibitika kuwa limepotea. Kisha unatoa uchakavu unaoruhusiwa kikodi, tuseme 70,000,000. Yanabaki mapato ya 440,000,000, na kwa kiwango cha asilimia 30 kodi ni 132,000,000, wakati aliyekimbilia kuzidisha faida ya vitabuni angepata 120,000,000. Uchakavu wenyewe ujifunze kwa mfano mmoja hadi ukae kichwani: kompyuta za 40,000,000 zimo katika daraja la kwanza lenye asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki, hivyo mwaka wa kwanza zinapunguza mapato kwa 15,000,000 na mwaka wa pili kwa 9,375,000.

Hesabu hiyo mtu aliyemaliza mwaka wa pili anaiweza. Ugumu uko kwenye ushahidi. Msimamizi wangu alikuwa akipokea karatasi ya kazi na kuanza kuisoma kutoka safu ya mwisho kulia, ile ya marejeo, kabla hajatupia jicho tarakimu yoyote. Kama pembeni ya kiasi hapakuwa na namba ya ankara, ukurasa wa leja au kifungu cha sheria, aliirudisha mezani kwangu bila neno. Fanya hivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Ukishika ankara ya fundi aliyetengeneza viyoyozi, tazama jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya mteja, tarehe, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) iliyoambatishwa, na kama mteja alikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma na kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Ankara moja inaweza kukutoa kwenye kodi ya mapato, ikakupeleka kwenye zuio na kukufikisha kwenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani), nawe utaelewa kwa nini mkaguzi wa TRA huomba majalada mengi kwa mkupuo mmoja.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, shule yenyewe ni ulinganishi wa mauzo, kazi ambayo wanafunzi wengi huikimbia kwa kuwa inachosha. Mkaguzi huchukua mauzo yaliyoandikwa kwenye ritani 12 za VAT za mwaka mzima na kuyaweka kando ya mauzo yaliyomo kwenye hesabu zilizokaguliwa, na kila tofauti huitilia shaka kuwa ni mapato yaliyofichwa. Kazi yako ni kueleza tofauti hiyo shilingi kwa shilingi. Huenda kampuni iliuza gari chakavu, likaingia kwenye ritani ya VAT lakini si kwenye mauzo ya biashara. Huenda mteja alilipa Desemba kwa mzigo uliopelekwa Januari, VAT ikadaiwa mara tu fedha zilipopokelewa huku mhasibu akiyatambua mapato mwaka uliofuata. Huenda bidhaa zilirudishwa, marekebisho yakaandikwa mwezi mwingine. Usiandike “tofauti za muda” halafu ukaendelea na safari. Itaje ankara, itaje tarehe, ambatisha nakala. Mwanafunzi anayeweza kufikisha ulinganishi wa namna hiyo kwenye sifuri huanza kuitwa kwenye vikao.

Mwezi Septemba zamu ni ya makadirio. Kampuni hukadiria kodi ya mwaka ndani ya miezi mitatu ya mwanzo na kuilipa kwa awamu nne, lakini biashara ikienda tofauti na ilivyotarajiwa, makadirio hayo hurekebishwa. Tuseme makadirio yalikuwa 120,000,000 na awamu mbili za 30,000,000 zimekwisha kulipwa. Hesabu za hadi Agosti zikionyesha kwamba kodi ya mwaka itafika 160,000,000, basi 100,000,000 zilizobaki hugawanywa kwa awamu mbili na kila moja kuwa 50,000,000. Mkurugenzi wa fedha hatafurahi kusikia hivyo. Mweleze msimamizi wako mapema, kwani makadirio yaliyopunguzwa kupita kiasi humletea mteja riba baadaye, na barua ya kumshauri mteja ni yake kuisaini, si yako.

Saa zisizo na kazi, ambazo Agosti huwa nyingi kuliko unavyofikiri, zitumie kusoma hukumu kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Anza na shauri la Tullow Tanzania BV dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2018. Kampuni ililipia huduma zilizofanywa nje ya nchi na watoa huduma wasio wakaazi, na mabishano yakawa kama malipo hayo yana chanzo Tanzania. Mahakama ilikubaliana na TRA kwamba kodi ya zuio ilidaiwa. Ukiisoma, utaelewa kwa nini wakubwa wako huuliza swali moja kila mteja anapoleta ankara kutoka London au Johannesburg, yaani huduma imetumika wapi. Ukifika hapo, fungua jalada lolote la pingamizi uone jinsi siku 30 za kupinga tathmini ya kodi zinavyohesabiwa tangu siku ilipopokelewa, na jinsi hoja ya mteja kwamba hana fedha za kulipa amana ya theluthi moja ya kodi hiyo, inayotakiwa ili pingamizi lipokelewe, inavyojibiwa.

Kuhusu mwenendo, maneno machache yatatosha. Usiwaulize kaka na dada wa ofisini swali ambalo hujalitafutia jibu mwenyewe. Nenda na kifungu ulichokisoma na jibu unalodhani ni sahihi, hata kama una wasiwasi nalo. Usipige picha skrini yenye taarifa za mteja, wala usijitumie majedwali kwenye barua pepe yako binafsi ili ukamalizie kazi hosteli. Fedha za mafunzo kutoka Bodi ya Mikopo zikichelewa, sema mapema. Ofisi nyingine husaidia nauli, lakini haiwezi kubashiri shida yako.

Ripoti ya chuo ianze kuandikwa wiki ya pili, wakati mambo yangali yanakushangaza. Wateja waite “Kampuni A” na “Kampuni B”, na tarakimu zao zibadilishe kwa uwiano ule ule ili hesabu ibaki na maana bila kumfichua mwenye hesabu. Kitabu cha kumbukumbu za kila siku kipeleke kusainiwa kila Ijumaa, na fomu ya tathmini mpe msimamizi kabla ya tarehe 20 Septemba, kwa sababu baada ya hapo kuna VAT ya mwezi iliyotoka kuwasilishwa na awamu ya tatu iliyo mlangoni, na mtu unayemtafuta atakuwa kwa mteja.