SOMO: Taa ya bustani ya sola kwa seli za betri chakavu ya laptop

Maswali ya taa za bustani yamekuwa yaleyale: nitumie betri ipi, rezista ngapi, mbona imezima baada ya wiki mbili. Naandika mara moja hapa, kwa ukamilifu. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Hii ni taa moja yenye LED nne nyeupe. Inajiwasha giza likiingia na kujizima kunapopambazuka. Inaonyesha njia, ngazi na kingo za matuta ya maua. Haitoshi kumulika uwanja mzima.

VIFAA (kwa taa moja)

Seli moja ya 18650 (seli ya lithiamu ya umbo la silinda) kutoka kwenye betri ya laptop. Bodi ya kuchaji ya TP4056, ile yenye matundu sita (IN+, IN−, B+, B−, OUT+, OUT−). Ya matundu manne iache, haina ulinzi wa kuzuia seli isinyonywe hadi ikafa. Paneli ya volti 6, wati 1 hadi 2. LED nne nyeupe za volti 3. Rezista nne za 68 ohm, moja ya 1k (k ni kilo-ohm, yaani ohm elfu moja), moja ya 2.2k, moja ya 4.7k (au 8.2k kwa paneli ya wati 1). Diodi 1N5819. Transista ya PNP: S8550, au A1015 ukiiokota kwenye redio ya zamani. Bomba jeupe la PVC la nchi moja na robo, urefu kama sentimita 60, na chupa ya jemu.

Rezista, transista na waya viko kwenye redio na deki zilizokufa. LED zitoe kwenye taa za dharura na tochi za kuchaji. Mara nyingi kilichokufa humo ni betri tu. Betri za laptop waulize mafundi wa kompyuta, Kariakoo kwa walio Dar, Luthuli Avenue kwa walio Nairobi. Betri ya seli sita inayoitwa "imekufa" mara nyingi ina jozi moja mbovu, nne zilizobaki bado zina kazi. Cha kununua kipya ni bodi na paneli, na paneli ndiyo inayokula hela.

1. Fungua ganda la betri kwenye mshono wake, taratibu, kwa kipande cha plastiki ngumu. Usichomeke bisibisi ndani; ukitoboa seli inaweza kuwaka moto.

2. Tenganisha seli kwa kukata vibati vinavyoziunganisha, kimoja kimoja. Viache vining'inie kwenye seli, utavihitaji.

3. Pima seli. Iliyo chini ya volti 2 usijaribu kuifufua. Ikikaa chini hivyo muda mrefu, shaba ya ndani huyeyuka na kujijenga upya mahali pabaya, na ukiichaji inaweza kujiunga yenyewe kwa yenyewe. Nyingine zote zichaji hadi volti 4.2 huku ukizishika kila baada ya muda. Inayopata joto ukiichaji, itupe. Zilizopita ziache mezani wiki mbili, kisha pima tena. Iliyobaki na volti 4.1 au zaidi ni nzuri. Iliyoshuka chini ya 4.0 inavuja ndani kwa ndani, nayo itupe. Wengi wanaruka hizi wiki mbili, halafu wanarudi kuuliza kwa nini taa inazima saa nne usiku.

4. Kuunga waya kwenye seli. Hatua hii niliiharibu mwanzoni, kwa hiyo soma kwa makini.

Chukua seli, itazame upande wa chanya. Katikati kuna kofia ndogo. Kuizunguka kuna ukingo wa kopo la seli, umekunjwa kwa ndani, na ukingo huo ni HASI. Mwili wote wa seli ni hasi. Kati ya kofia na ukingo kuna pengo la kama milimita mbili, na kinachokinga ni ile plastiki nyembamba ya rangi iliyoivika seli. Kibati cha chanya kikikunjwa kushuka ubavuni, kinapita juu ya ukingo huo. Plastiki ikiwa imechanika hapo, au ikayeyuka kwa joto la kulehemu, chanya na hasi zimegusana na hakuna fyuzi katikati. Waya unakuwa mwekundu kabla hujaudondosha.

Kwa hiyo: kata duara la karatasi ngumu, toboa katikati, livishe juu ya kofia ya chanya, libane kwa tepu ya umeme. Ndipo ukunje kibati. Lehemu waya kwenye NCHA ya kibati, mbali na seli. Usilehemu kwenye seli yenyewe: joto likikaa upande wa chanya linaharibu mpira wa ndani unaoziba, na seli inaanza kuvuja polepole bila wewe kujua. Ncha ya kibati ikwangue kwa msasa kwanza, risasi ishike ndani ya sekunde mbili. Anza na hasi, izibe kwa tepu, ndipo uende chanya. Vua saa na pete. Fanyia kazi juu ya ubao, kamwe si juu ya bati.

5. Badili rezista ya chaji. Bodi ikitoka dukani imepangwa kuchaji kwa ampea 1. Paneli ya wati 1 inatoa kama miliampea 160 tu, kwa hiyo volti zake zinaporomoka na bodi inawaka na kuzima mchana kutwa. Tafuta rezista ndogo iliyoandikwa 122, itoe, weka ya 4.7k. Hesabu yake: 1200 gawa kwa kilo-ohm unapata miliampea, 4.7k inatoa kama 255, inayoifaa paneli ya wati 2. Kwa wati 1 tumia 8.2k.

6. Kila LED na rezista yake ya 68 ohm. Usiziunge nne kwenye rezista moja, kwa sababu LED za kuokoteza hazifanani: moja itabeba mzigo wa wenzake na kuungua ya kwanza. Seli ikijaa kila LED inapata kama miliampea 15, na zinapungua kadiri seli inavyoshuka. Usiku wa saa kumi na mbili unakula kama miliampea-saa 550 hadi 600. Seli chakavu yenye miliampea-saa 1500 zilizobaki inabeba usiku mmoja na siku moja ya mawingu.

7. Swichi ya giza. Paneli yenyewe ndiyo jicho. Chanya ya seli iende B+, hasi yake B−. Transista ina miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Emita iende OUT+. Kolekta iende kwenye rezista za LED. Hasi za LED ziende OUT−. Besi iende chanya ya paneli kupitia rezista ya 1k. Kisha rezista ya 2.2k kati ya chanya na hasi ya paneli. Diodi ikae kati ya chanya ya paneli na IN+, mstari wake ukielekea kwenye bodi. Zile rezista mbili zibaki upande wa paneli, si baada ya diodi. Hasi ya paneli iende IN−. Angalia miguu: ukitazama uso bapa, kushoto kwenda kulia, S8550 ni emita, besi, kolekta, A1015 ni emita, kolekta, besi.

8. Nyumba ya taa. Seli na bodi zikae ndani ya bomba, chini, karibu na ardhi. Usiziweke ndani ya chupa. Chupa iliyofungwa juani inapita nyuzi 45, na seli ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa juu ya hapo. Bomba liwe jeupe. Chupa igeuze, kitako juu, mfuniko chini, LED zikiwa zimeshikizwa kwenye mfuniko. Toboa mfuniko tundu la milimita 3 ili unyevu utoke. Watu huziba kila mahali halafu umande unajikusanya ndani. Tundu la chini linaponya zaidi ya silikoni ya juu.

Onyo la silikoni: inayonuka siki inatoa tindikali inapokauka na inakula shaba. Itumie kwenye glasi kwa nje tu. Bodi ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, uache matundu ya waya.

9. Paneli ilaze kidogo, nyuzi 10 hadi 15, mvua iioshe vumbi. Imekwisha.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbagala: Mkuu rezista za LED niweke za ngapi?

Jibu: Hatua ya 6.

Mdau wa Morogoro: Nimeunga paneli moja kwa moja kwenye seli, sijaweka bodi, siku ya tatu leo inafanya kazi vizuri tu. Kwa nini mnatuongezea gharama?

Jibu: Itoe leo. Paneli ya volti 6 haijui kusimama kwenye 4.2. Seli inapitishwa kiwango kila mchana, na ikishindwa inatoa moshi na moto. Bodi si pambo.

Mdau wa Tanga: Yangu inawaka na kuzima haraka haraka magharibi kwa kama dakika kumi, kisha inatulia. Nimepima kila kitu kiko sawa. Shida nini?

Jibu: Umepima vizuri, na swali lako ni zuri. Mwanga wa LED zako unairudia paneli. Taa ikiwaka, paneli inadhani kumekucha, inazima. Ikizima, inaona giza, inawasha. Shusha chupa chini ya usawa wa paneli, au weka ukingo wa bati kati yao. Halafu kama unataka iwake mapema zaidi, badala ya 2.2k weka 1k. Rezista ikiwa ndogo, paneli inahitaji mwanga mwingi zaidi ili kuizuia taa.

Mdau wa Tanga: Nimekata kopo la maziwa nikaweka kama ukingo, imetulia kabisa. Ahsante sana.

Mdau wa Nakuru: Nimetoa LED kwenye balbu za 220 zilizoungua, hata moja haiwaki kwa seli. Zote zimekufa?

Jibu: Hapana, huenda nyingi ni nzima. Kwenye balbu za ukutani, kipande kimoja cha njano mara nyingi kina LED mbili, tatu au zaidi ndani yake, zimeungwa mfululizo. Kinahitaji volti 6, 9, hata 18, kwa hiyo 3.7 haikiamshi. Kilichoungua utakijua kwa doa jeusi katikati, na huwa ni kimoja tu kilichokata mstari mzima. Jaribu vingine kwa betri ya volti 9 kupitia rezista ya 1k; cha volti 18 hakitawaka hata hapo. Za mistari ya nyuma ya TV nazo zipime hivyohivyo: zipo za volti 3, zipo za 6. Za 3 zina mwanga mzuri sana, na kile kilenzi chake kinatawanya mwanga. Usikitoe.

Mdau wa Nakuru: Aisee, kumbe. Ya TV imewaka kwa 3.7. Naendelea nayo.

Mdau wa Kimara: Si rahisi kuvuta tu waya wa umeme wa ndani hadi bustanini? Nina waya wa zamani mita 30.

Jibu: Kwa waya wa zamani, juu ya udongo unaomwagiliwa, usifanye. Umeme wa nyumbani ukipelekwa nje ni kazi ya fundi mwenye leseni, waya wa kuzikwa na swichi ya kukata umeme ukivuja. Mtoto akishika waya uliochubuka kwenye maji hakuna wa kumrudisha.

Mdau wa Bukoba: Kumbikumbi wakitoka wanajaa kwenye chupa hadi mwanga hauonekani. Kuna dawa?

Jibu: Mwanga mweupe wenye ubluu ndio unaowaita zaidi. Tumia LED za njano, au zungushia chupa plastiki ya rangi ya kaharabu. Watapungua, hawataisha. Tundu la mfuniko liwekee kipande cha chandarua.

Mdau wa Mombasa: Naongezea kwa walio pwani. Mfuniko wa bati wa jemu kwa chumvi ya hewa unaoza mapema. Mimi nakata duara kwenye ndoo ya rangi, nashikiza kwa waya wa shaba uliovuliwa. Na chini ya bomba sisimizi wanajenga. Chandarua hapo pia.

Jibu: Duara la ndoo nalichukua, ni bora kuliko bati langu. Shaba iliyo wazi ipake nayo rangi ya kucha, chumvi inaigeuza kijani.

Mdau wa Mbagala: Na chupa ya maji ya plastiki badala ya glasi?

Jibu: Jua linaifanya ngumu, mwishowe inapasuka. Ukikosa glasi, galoni jeupe la mafuta ya kupikia linavumilia zaidi kwa sababu ni nene, na weupe wake unalainisha mwanga. Kata upande wenye mpini, uubakize kwa juu, utaushikia ukibadilisha seli.

Mdau wa Iringa: Seli mbovu nazitupa wapi? Nina kama ishirini.

Jibu: Zisiingie kwenye takataka za nyumbani wala kwenye moto. Ziba ncha zote kwa tepu, ziweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu, mbali na nyumba, kisha wapelekee wanaokusanya taka za kielektroniki. Na hizo ishirini, zote ulizipima baada ya wiki mbili au ulizihukumu siku ya kwanza?

Mdau wa Iringa: Siku ya kwanza. Nyingi zilikuwa na 2.8.

Jibu: Basi usizitupe bado. 2.8 inachajika. Rudi hatua ya 3.