Sailensi inapanda na kushuka? Saka hewa ya wizi kabla hujanunua sensa

Gari limesimama, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inacheza, mara 700 mara 1,200 kwa dakika. Ukiweka D linatetemeka, taa ya cheki injini imewaka, na skana inasoma P0171. Namba hiyo inasema tu kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli inayotakiwa. Haisemi sensa ya oksijeni imekufa. Hata hivyo wengi hufika gereji wakiwa wameshanunua sensa na plagi mpya. Sensa ndiyo iliyotoa taarifa. Kuifukuza hakuzibi tundu.

Magari yetu mengi yana sensa ya hewa kwenye bomba linalotoka eya klina, na kompyuta humwaga petroli kulingana na hewa iliyopita hapo. Hewa ikipenya baada ya sensa hiyo, iwe kwenye mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), inakuwa haijapimwa: hiyo ndiyo hewa ya wizi.

Hatua ya 1: Soma namba, spana baadaye

Chomeka skana (hata kidude cha bluetooth cha bei ndogo kinatosha), utafute STFT (marekebisho ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Injini ikishapata moto, zijumlishe. Kati ya -10 na +10 usihangaike sana. Sasa kanyaga mafuta hadi 2,500 ushikilie. Kama kwenye sailensi ilikuwa +25 na sasa imeshuka hadi +6 hivi, una hewa ya wizi: tundu ni lile lile, ila hewa halali imekuwa nyingi mno, ya wizi haihesabiki tena. Namba ikipanda kadiri unavyokanyaga, achana na mipira, kaangalie pampu, filta ya petroli na uchafu kwenye sensa ya hewa.

Gari linalopima presha ndani ya manifoldi (MAP) huwa na tabia nyingine: mara nyingi sailensi hupanda tu, na P0171 isitokee kabisa.

Hatua ya 2: Macho na vidole

Anza na mpira mnene wa kwenda throtoli (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini). Uvute mpaka mikunjo ifunguke, maana ufa hukaa ndani ya mkunjo. Ufa wa hapo ni mjanja: gari likiwa P umejifunga, ukiweka D injini inajivuta na ufa unaachama. Kisha nenda mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi). Kwa juu utauona mzima. Pitisha kidole kwa chini, pale kwenye kona. Mafuta ya injini huulainisha, ukiubonyeza unabaki umebonyea. Huo badilisha, usiufunge na tepu.

Hatua ya 3: Bana mpira mmoja mmoja

Injini ikinguruma, bana kila mpira unaoingia kwenye manifoldi kwa koleo lililozungushiwa kitambaa, huku ukitazama STFT. Ikishuka ghafla, mwizi yuko upande wa pili wa mpira huo. Usisahau mpira wa busta ya breki. Ukikanyaga breki ukasikia mluzi miguuni na sailensi ikabadilika, busta imetoboka, na hilo ni suala la usalama, usiendeshe.

Hatua ya 4: Gasketi ya manifoldi

Pima injini ikiwa ya baridi. Manifoldi za plastiki na gasketi zake za mpira husinyaa kwa baridi, zikipata moto hujiziba zenyewe, ndiyo maana gari linasumbua asubuhi tu. Puliza kabureta klina kidogo kidogo kwenye maungio, subiri sekunde chache, sogea. Weka mtungi wa zimamoto karibu na usipulize kwenye ekzosi wala koili.

Usitegemee masikio. Kwenye throtoli ya umeme kompyuta hurekebisha sailensi haraka, unaweza usisikie lolote. STFT ikidondoka, umepata.

Ukitumia geji ya vakyumu (kipima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi), kumbuka mwinuko. Dar es Salaam injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kila mita 300 unazopanda hupunguza inchi 1 hivi, kwa hiyo 14 mjini Nairobi si ugonjwa.

Hatua ya 5: Kufunga

Safisha uso wa kichwa cha silinda, na pima unyoofu wa manifoldi kwa rula ya chuma. Gasketi ya mpira inayokaa kwenye mfereji haipakwi silikoni, hata fundi wa jirani akikuambia nini. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa kipimo cha kitabu. Plastiki haina msamaha.

Futa namba za hitilafu, zunguka na gari nusu saa hivi, kisha rudia Hatua ya 1. Jumla ikibaki +15 kwenye sailensi, kuna tundu la pili. Rudi kubana mipira.