Elisi (ile feni ya mota inayosukuma mtumbwi) ikigonga jiwe chini ya maji
Wandugu wenye muko na mtumbwi ya mota huku Kivu, ukisikia tu "ko!" chini, zima palepale, usiongeze gazi ati uone kama bado inaenda, juu shafti (chuma inayozungusha elisi) ikiwa imepinda unamaliza gia yote. Angalia kwanza kama maji haiingie mu mtumbwi. Kisha nyanyua mota, chomoa waya ya buji (ile inayowasha moto mu mota), zungusha elisi na mkono huku umeshika kijiti karibu na ncha ya bawa: bawa moja ikigusa na ingine ikipita mbali, kuna kitu imepinda.

Mie ilinipata pale Goma, upande lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilishuka mpaka ziwani, mota inalia sana lakini mtumbwi haisogee, kumbe ni pini tu inayoshika elisi ku shafti ilikatika, nikaweka ingine nikarudi polepole. Pini ni laini kusudi ikatike yenyewe kabla gia haijavunjika, sasa wewe unaweka kipande ya chuma ngumu, aah!

Ukifika ng'ambo angalia mafuta ya gia, ikiwa nyeupe kama maziwa, maji imeshaingia, badilisha joini (ile inayozuia maji kuingia) kabla ya safari ingine.