Jinsi ya kupiga hesabu za kompyuta ya hali tatu, anza na mizani tu

Wakuu, vijana wengi wa kompyuta ninaoongea nao hapa Dodoma wanajua 0 na 1 basi, na mimi naona tunawapunja, maana mwaka 1958 pale Chuo Kikuu cha Moscow Nikolay Brusentsov na wenzake walitengeneza Setun, kompyuta inayotumia hali tatu, yaani hasi moja, sifuri na moja, na zikazalishwa kama 50 hivi zikapiga kazi kweli. Za hali mbili ndo zikashinda baadae kwa sababu transista ya kuwaka na kuzima ni rahisi kutengeneza na haichanganyikiwi umeme ukiyumba. Prosesa ya hali tatu dukani huipati, ila hesabu zake unazijua leo leo kwa kalamu.

Chukua mizani ya sahani mbili kama zile za soko la Majengo, ile kubwa, kama huna ichore tu. Mawe yako yawe manne: kilo 1, 3, 9 na 27. Jiwe likikaa sahani ya pili andika +, likikaa pamoja na mzigo andika -, lisipotumika andika 0. Kwa hayo manne tu unapima kilo yoyote kamili kuanzia 1 mpaka 40! Karanga kilo 25 unaweka 27 na 1 kule, 3 huku kwenye karanga, kwahiyo ukianza na jiwe la 27 kushuka mpaka la 1 unaandika +0-+. Usiruke hii hatua, mkono ukishazoea hapa huko mbele kote ni mteremko.

Bila mizani unagawanya kwa 3. Baki ikiwa 0 andika 0, ikiwa 1 andika +, ikiwa 2 andika - halafu ongeza 1 kwenye jibu la kugawanya, endelea hivyo mpaka jibu liwe 0, na unaandika kutoka kulia kwenda kushoto. Jaribu 14 utapata +---, yaani 27 toa 9 toa 3 toa 1.

Sasa utamu wenyewe uko hapa: namba hasi haihitaji ujanja wowote, unageuza tu + kuwa - na - kuwa +, kwahiyo -14 ni -+++. Na kutoa ni kugeuza kisha kujumlisha. Ukijumlisha + na + andika - ubebe +, ukikutana na + na - ni 0. Basi 25 toa 14 ni +0-+ jumlisha -+++, inatoka ++-, yaani 9 na 3 toa 1, ambayo ni 11. Mimi hii kitu naipenda sana aisee.

Kwenye mantiki + ni ndiyo, - ni hapana, 0 ni bado haijajulikana. "Na" chukua iliyo ndogo, "au" chukua iliyo kubwa. Waliogusa SQL, ile lugha ya hifadhidata, wameshakutana nayo kwenye NULL, yaani thamani isiyojulikana.

Mwisho andika programu ya kugeuza namba hivyo kwa lugha ya Python, lupu moja inatosha, tumia // (jibu la kugawanya) na % (baki) na ile sheria ya baki 2. Namba hasi usizitengee msimbo wake, Python kwenye % 3 inakupa baki 0, 1 au 2 hata namba ikiwa chini ya sifuri, ila ukihamia lugha ya C hapo inabidi urekebishe mwenyewe. Ipe -14, ikitoa -+++ ujue iko sawa, kisha andika fankisheni ya kujumlisha.