Jinsi ya Kupata Riwaya ya Kubishana Nayo

Riwaya ikipigwa marufuku, watu huitafuta. Wengi hupotea hapo hapo. Wanafuata kelele, kisha wanaishia na kitabu chepesi ambacho kosa lake lilikuwa matusi mawili matatu, au kitabu kilichowaudhi watu wa zama nyingine kwa jambo ambalo leo halimshtui yeyote. Kujua kwamba kitabu kilizuiwa hakutoshi. Ujue pia kilizuiwa na nani, lini, na kwa kosa gani.

Kabla ya kutafuta jina la kitabu, andika swali moja ambalo wewe mwenyewe hujalikatia shauri. Je, ukali wa mzazi humlinda mtoto au humharibu? Aliyeonewa ana haki ya kulipiza kwa silaha? Sentensi moja yatosha. Ikiwa watu wote unaowajua watalijibu namna moja, swali hilo limekufa, andika jingine. Halafu tafuta kwenye intaneti au katalogi ya maktaba kwa maneno ya swali lako pamoja na "maudhui" au "tahakiki". Ukiandika "riwaya nzuri" utaletewa matangazo ya wauzaji. "Maudhui" na "tahakiki" ni maneno ya wahakiki na wanafunzi wa fasihi, na tasnifu zao huwa na orodha ndefu ya vitabu mwishoni. Wakati mwingine orodha hiyo ina faida kuliko tasnifu yenyewe.

Swali la malezi, kwa mfano, litakufikisha upesi kwenye Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Ilizuiwa shuleni kwa kusema wazi mambo ya ngono, kisha miaka ilipopita ikaja kufundishwa. Ukiona kitabu kimekataliwa halafu kikaingizwa darasani, kiweke juu ya orodha yako: yaelekea waliokikataa waliona ngono tu, na waliokirudisha wakaona hoja.

Makosa ya riwaya kwa kawaida ni manne: siasa, dini, ngono na lugha. Hayazeeki kwa kasi moja. Kosa la ngono huchuja mapema. Mwaka 1960 baraza la wazee wa mahakama jijini London liliamua kwamba Lady Chatterley's Lover ya D. H. Lawrence haikuvunja sheria ya uchafu. Anayeisoma leo akitafuta uchafu huo atachoka. Anayeisoma akitafuta suala la matabaka atakuta bado lina makali. Kosa la siasa hudumu zaidi, kwa sababu mambo yanayoshutumiwa hubadilisha majina tu. Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1986, na mwaka uliofuata nakala zake zikakamatwa nchini Kenya. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia kwamba kabla ya hapo ilitolewa amri ya kumkamata Matigari, hadi polisi walipogundua kuwa ni mhusika wa kitabuni.

Tahadhari kuhusu orodha za vitabu vilivyolalamikiwa, kama ile ambayo Chama cha Maktaba cha Marekani hutoa kila mwaka. Ni orodha za malalamiko. Ndani yake riwaya nzito hukaa bega kwa bega na vitabu vya picha vya watoto. Zinakuonyesha nani amekasirika, lakini kina cha kitabu utakipima mwenyewe.

Njia tunayoiamini kuliko zote ni kutafuta riwaya zinazojibizana, kama washairi wanavyojibizana. Kitabu kimoja kinatoa dai, kingine kinalikataa. Heart of Darkness ya Joseph Conrad ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1899. Chinua Achebe alitoa Things Fall Apart mwaka 1958, na mwaka 1975 akamshutumu Conrad waziwazi katika mhadhara kwa ubaguzi wa rangi. Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847) ina mke aliyefungiwa ghorofani akiitwa kichaa. Jean Rhys alimpa mke huyo sauti katika Wide Sargasso Sea (1966). Katika L'Étranger ya Albert Camus (1942) Mwarabu anauawa bila hata kutajwa jina. Kamel Daoud alimpa jina na familia katika riwaya iliyotoka mwaka 2013. Soma cha zamani kwanza, na usiache zaidi ya wiki mbili kabla ya kuanza cha pili, la sivyo utakuwa umesahau vitu vidogo ambavyo mjibuji anavichokonoa. Ukiwa na muda wa kitabu kimoja tu, chukua kinachojibu.

Ukipata majina matatu au manne, yapime. Kwenye tovuti za wasomaji, wastani wa nyota haukusaidii sana; tazama mgawanyiko. Riwaya yenye nyota tano nyingi na nyota moja nyingi imegawa watu. Soma maoni ya nyota mbili na tatu, maana hao ndio hueleza sababu. Anayelalamika kwamba "mhusika mkuu ni mtu mbaya" amekusifia kitabu bila kujua. Wakilalamika kwamba mwandishi anahubiri, sikiliza: riwaya inayokujibia kila kitu haikuachii cha kufikiri. Kisha soma kurasa kumi za mwanzo na tano za katikati. Usifungue mwisho.

Angalia pia toleo. Vitabu vyenye utata hukatwakatwa kuliko vingine. Hicho cha Lawrence kilitolewa mwaka 1932 kikiwa kimeondolewa sehemu, na Waingereza walisubiri hadi 1960 kupata toleo kamili la wazi. Linganisha idadi ya kurasa za matoleo mawili. Tofauti ya kurasa 15 yaweza kuwa ukubwa wa herufi tu. Ikifika 80, tafuta neno "limefupishwa" kwenye ukurasa wa hakimiliki. Kwa tafsiri, hakikisha jina la mfasiri limeandikwa. Lisipokuwepo, usinunue.

Unene wa kitabu usikudanganye. Nagona (1990) na Mzingile (1991), zote za Kezilahabi, ni nyembamba, lakini ukizisoma mbiombio kama hadithi ya kawaida hutashika kitu. Zipe kurasa kumi kwa siku.

Ukifika ukurasa wa 60 na unataka kuacha, jiulize kama umechoshwa au umekerwa. Ukisahau kitabu mara tu unapokifunga, umechoshwa. Kiache bila aibu. Ukikifunga kwa hasira na jioni bado unamjibu mwandishi kichwani, rudi.

Utangulizi wa mhakiki, ule unaotangulia sura ya kwanza, uache hadi mwisho. Karibu kila mara hufichua nani anakufa.